Kuta za Kurithishana: Thimlich Ohinga, Mfangano na Historia ya Waliohamia Nyanza Kusini

Mwaka 1998 mji wa Melbourne, Australia, ulifungua makumbusho ya wahamiaji ndani ya jumba la zamani la forodha. Paris ilifungua ya kwake mwaka 2007, katika kasri la Porte Dorée lililojengwa kwa ajili ya maonyesho ya makoloni ya mwaka 1931. Kule New York, kisiwa cha Ellis, ambako zaidi ya watu milioni 12 walipimwa afya na kuhojiwa kabla ya kuruhusiwa kuingia Marekani, kimekuwa makumbusho tangu 1990. Mahali kama hapo mgeni huiona historia ya uhamaji kwa jicho la serikali: madaftari ya majina, mihuri, masanduku na picha za foleni.

Anayetaka kuisoma historia ya namna hiyo katika kaunti za Migori na Homa Bay, nchini Kenya, huelekezwa kwingine. Ataenda Nyatike, kwenye mteremko wenye mawe ulio kilomita 46 kaskazini-magharibi mwa mji wa Migori, au atapanda mashua Mbita avuke hadi kisiwa cha Mfangano. Huko Nyatike ndiko kuliko na Thimlich Ohinga, makazi ya kale yenye kuta za mawe, yaliyotangazwa turathi ya kitaifa mwaka 1981 na kuingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2018. Kisiwani kuna Makumbusho ya Amani ya Jamii ya Abasuba, yaliyoanzishwa mwaka 2000. Moja imelelewa na dola, nyingine na wanakijiji, lakini zote mbili zinatunza kumbukumbu ya watu waliotoka kwingine wakafanya hapa kwao.

Historia ya taasisi hizi inastahili kuandikwa pamoja, kwa sababu zinafundisha somo moja. Katika pembe hii ya Ziwa Victoria hakuna ukoo unaoweza kudai nchi kwa kuwa ulifika kwanza. Ukichimba kidogo tu utamkuta mwingine aliyetangulia. Kilichompa mtu haki ya kukaa ni kazi ya kutunza alichokikuta.

Waliojenga na waliokarabati

Kuta za Thimlich Ohinga zinakadiriwa kuanza kujengwa karne ya 16. Eneo lililohifadhiwa lina ukubwa wa hekta 21 hivi, na ndani yake mna maboma makubwa manne: Kochieng', Kakuku, Koketch na Koluoch. Kwa Dholuo boma la namna hii huitwa ohinga, na yakiwa mengi huitwa ohingni. Kochieng' ndilo kubwa kuliko yote na ndilo lililosalia katika hali nzuri zaidi.

Ujenzi wake una akili nyingi. Mafundi hawakutumia udongo wala chokaa, na mawe hawakuyachonga; waliyaokota yalivyo kwenye vilima vya hapo, ambako yamejaa. Walijenga nyuso mbili za ukuta, ya nje na ya ndani, kisha wakashindilia mawe madogo katikati ili kuzishikamanisha. Jiwe kubwa lilikaa juu ya dogo na dogo likaziba pengo la kubwa. Palipohitaji nguvu zaidi ukuta uliwekewa viegemeo vya mawe, na mstari wake ukapindapinda, kwa kuwa ukuta uliopinda hustahimili msukumo kuliko ulionyooka. Kwa njia hiyo kuta zilipanda hadi kimo cha mita 4 na zaidi, na sehemu nyingine unene wake unafika mita 3. Malango yaliezekwa mabamba marefu ya mawe, na mengi yakaachwa mafupi na membamba.

Nani aliyeanza kazi hiyo? Watafiti wanaamini kuwa walikuwa watu wa lugha za Kibantu, walioishi eneo hili kabla ya Wajaluo kulienea. Wajaluo wenyewe walikuwa katika safari ndefu ya vizazi vingi, kutoka nchi ambayo leo ni Sudan Kusini, kupitia Uganda, hadi pwani za ziwa. Mwanahistoria Bethwell Allan Ogot, aliyefariki Januari 2025, aliieleza safari hiyo katika kitabu chake cha mwaka 1967 kuhusu Wajaluo wa Kusini, akizipa simulizi za wazee uzito ambao wasomi wa wakati huo walizoea kuyapa maandishi tu. Koo zilizoishia huku kusini mwa Ghuba ya Winam, kama vile Kadem, Karungu, Kanyamwa na Kabuoch, zilikuta nchi yenye watu, mifugo na kuta.

Jambo la kuzingatiwa ni kile kilichofuata. Kundi moja lilipohama, jingine liliingia katika maboma yale yale, likaziba palipobomoka, likaongeza zizi hapa na ukuta kule, kwa ufundi ule ule. Lugha iliyosemwa ndani ya boma ilibadilika. Namna ya kupanga mawe haikubadilika. Kamati ya Urithi wa Dunia iliona jambo hilo kuwa sifa kuu ya mahali hapa: ufundi mmoja wa kujenga uliodumu kutoka karne ya 16 hadi katikati ya karne ya 20, ukipita mikononi mwa watu wa asili mbalimbali.

Kuta hizo zilikuwa na kazi. Zilizuia wanyama wakali na wezi wa ng'ombe, na zilikusanya familia kadhaa pamoja na mifugo yao katika nchi ambayo mgeni asiyejulikana alikuwa jambo la kawaida. Kuhama hakukuwa jambo la amani kila mara. Anayezitazama kuta za unene ule hawezi kuamini kwamba waliokaribia lango walikaribishwa wote. Hata hivyo historia ya mahali hapa ina sura zote mbili, hofu ya anayekuja na kuishi naye hatimaye, na makumbusho ya kweli hayawezi kuonyesha sura moja na kuficha nyingine.

Utawala wa Kiingereza ulipokaza mkono wake mwanzoni mwa karne ya 20, vita vya koo vikapungua na haja ya boma la mawe ikapungua nayo. Familia zikatoka moja moja zikaanzisha miji yao, zikiizungushia ua wa ojuok, ule mti wa utomvu ambao hadi leo huonekana kwenye miji ya Wajaluo. Maboma yakabaki na nyasi, miti na ng'ombe wa malisho.

Ndani ya Kochieng'

Mgeni anayetoka Homa Bay hupita Rodi Kopany na Ndhiwa. Anayetoka Migori huja kwa matatu, na mwisho wa safari mara nyingi ni bodaboda. Akifika hatakuta jumba la vioo. Vitu vinavyoonyeshwa ni kuta zenyewe, na namna bora ya kuzisoma ni kwa kutembea na mtu wa hapo anayejua kipi kilikuwa nini.

Lango la Kochieng' humlazimisha mtu mzima ainame. Hakuna awezaye kuingia akikimbia, na aliyeinama hawezi kuinua mkuki. Karibu na lango pameinuliwa mawe pa mlinzi kusimama na kutazama mbali. Ndani kuna maboma madogo, vijia kati ya kuta, na mabonde mepesi na miinuko midogo kwenye udongo ambako nyumba zilisimama. Nyumba zilikuwa za miti, udongo na nyasi, ndiyo sababu hazipo. Kilichobaki ni alama zake. Mazizi ya ng'ombe yalikuwa ndani, si nje, na hilo peke yake linaeleza mali ya watu hawa ilikuwa nini na hofu yao ilikuwa nini.

Uchimbaji wa wanaakiolojia umetoa vigae vya vyungu, mifupa ya wanyama wa kufugwa na wa porini, vipande vya chuma na shanga za kioo. Shanga ni ushahidi mdogo wenye habari kubwa. Hazikutengenezwa Nyanza. Zilifika kwa kupita mikono mingi, soko hadi soko, na hivyo boma lililofungwa kwa mawe lilikuwa na mkono ulionyooshwa kuelekea dunia ya mbali.

Mgeni akitoka Kochieng' akaenda Kakuku au Koluoch, ataona kuta zilizolala chini zaidi na mizizi iliyojipenyeza kati ya mawe. Hapo ndipo tofauti ya boma lililotunzwa na lililoachwa inapoonekana bila kuelezwa. Ukuta usio na saruji hauanguki wote kwa siku moja. Jiwe moja hutoka, la pili hulegea, na kama hakuna wa kulirudisha la kwanza, msimu wa mvua humaliza kazi.

Kutoka kichakani hadi katika sheria

Wakazi wa jirani hawakuwahi kupoteza habari za maboma haya. Waliochelewa ni wasomi. Mwaka 1965 Neville Chittick, mwanaakiolojia ambaye watu wa pwani wanamkumbuka kwa uchimbaji wake wa Kilwa na Manda, alichapisha andiko fupi kuhusu maboma ya mawe ya Nyanza Kusini. Mtu aliyezoea misikiti na nyumba za matumbawe alikuta hapa usanifu wa aina nyingine kabisa, wa watu wasioandika, walioacha jina lao katika mawe.

Mwaka 1980 Simiyu Wandibba, aliyekuja kuwa profesa wa anthropolojia katika Chuo Kikuu cha Nairobi, alifanya utafiti Thimlich. Mwaka uliofuata, 1981, serikali iliitangaza Thimlich Ohinga kuwa turathi ya kitaifa. Huo ndio mwaka wa kuzaliwa kwa taasisi. Tangu siku hiyo eneo ambalo lilikuwa malisho likawa mali iliyolindwa kisheria chini ya Makumbusho ya Kitaifa ya Kenya, shirika ambalo mizizi yake inarudi hadi 1910, lilipoanzishwa na chama cha wapenzi wa elimu ya viumbe mjini Nairobi. Mwaka mmoja kabla, 1980, Kisumu nayo ilikuwa imepata makumbusho yake, yenye mfano wa boma la Mjaluo uwanjani. Nyanza ikawa imeingia katika ramani ya makumbusho ya nchi kwa hatua mbili za haraka.

Lakini tangazo katika gazeti rasmi halinyanyui jiwe. Kwa miaka mingi eneo lilikuwa mbali na barabara nzuri, watumishi wakiwa wachache na bajeti ikiwa ndogo. Miti iliendelea kuota katikati ya kuta, na ng'ombe waliendelea kuzipanda. Mtu aliyebeba sehemu kubwa ya kazi ya kitaalamu katika kipindi hicho ni Isaya Onjala wa Makumbusho ya Kitaifa. Alizunguka wilaya za zamani za Nyanza Kusini akiorodhesha maboma, na orodha yake inashangaza: maeneo 138 yenye maboma 521. Thimlich, kumbe, ni ile moja iliyosalia vizuri katika nchi iliyokuwa imejaa kuta. Nyingi za zile nyingine zimebomolewa kwa kulima, au mawe yake yamechukuliwa kujengea.

Mwaka 2000 shirika la World Monuments Fund liliiweka Thimlich Ohinga katika orodha yake ya majengo ya kale yaliyo hatarini duniani. Orodha ya hatari si heshima ya kujivunia, lakini ilifungua milango. Wafadhili wakasikia, vichaka vikafyekwa, na sehemu za kuta zilizokuwa zimeanguka zikarudishwa kwa mtindo wa zamani, jiwe juu ya jiwe, bila saruji.

Bonn ilirudisha, Manama ikakubali

Kenya iliipeleka Thimlich Ohinga mbele ya Kamati ya Urithi wa Dunia kwa mara ya kwanza mwaka 2015, kamati ilipokutana Bonn, Ujerumani. Haikupita. Wataalamu walitaka ushahidi zaidi na maelezo yaliyonyooka kuhusu nini hasa kinaombewa heshima. Ombi lilikuwa limeandikwa kuhusu mandhari nzima ya kitamaduni. Liliporudi, lilikuwa limebanwa likawa la eneo la kiakiolojia lenye mipaka inayoonekana.

Kushindwa kule kulileta faida. Waandishi wa ombi walilazimika kulinganisha Thimlich na majengo mengine ya mawe barani, na kueleza kwa maneno machache ni nini kinachopatikana hapa pasipopatikana kwingine. Jibu lao lilikuwa mpangilio wa makazi ya wafugaji wa bonde la Ziwa Victoria, ufundi wa ukuta wa nyuso mbili na kiini chake, na mfululizo wa jamii mbalimbali zilizouendeleza. Mwezi Juni 2018, huko Manama, Bahrain, kamati ilikubali. Thimlich Ohinga ikawa turathi ya saba ya Kenya katika orodha hiyo, baada ya Mlima Kenya, Ziwa Turkana, Mji wa Kale wa Lamu, Kaya za Mijikenda, Ngome ya Yesu na maziwa ya Bonde la Ufa. Gedi ilifuata mwaka 2024.

Ukiitazama orodha hiyo utaona kwamba sehemu kubwa ya turathi za kitamaduni zilizotambuliwa ziko pwani. Kwa miaka mingi Mkenya wa bara alifundishwa kuwa majengo ya kale ni habari ya Mombasa na Lamu, na kwamba babu zake waliishi katika nyumba za nyasi zisizoacha alama. Thimlich ilisahihisha mafundisho hayo. Mtoto wa Nyatike sasa ana jengo la karne ya 16 la kujivunia, tena karibu na shule yake.

Nyumba ya amani kisiwani

Taasisi ya pili ilizaliwa kwa njia nyingine kabisa. Katikati ya miaka ya 1990, Sultan Somjee, aliyekuwa mkuu wa idara ya etnografia katika Makumbusho ya Kitaifa, alianza kuhimiza jamii mbalimbali za Kenya zifungue makumbusho yao madogo ya amani. Ulikuwa wakati wa majeraha ya mapigano ya kikabila yaliyoandamana na uchaguzi wa 1992. Wazo lake lilikuwa kwamba kila jamii ina miti, vifaa na taratibu zake za kupatanisha waliogombana, na kwamba vitu hivyo vikikusanywa na kuelezwa vitasaidia kizazi kipya. Umoja wa Mataifa ulimtambua kwa kazi hiyo mwaka 2001. Makumbusho ya Abasuba ya Mfangano, yaliyoanza mwaka 2000, ni tunda la vuguvugu hilo.

Abasuba ni mfano hai wa watu walioundwa na safari. Baadhi ya koo zao zinasimulia kuwa wazee wao walitoroka Buganda mwishoni mwa karne ya 18, baada ya Kabaka kuuawa, wakapita Busoga na kuvuka kwa mitumbwi hadi Mfangano na Rusinga. Koo nyingine zina njia zao, na si zote zilizotoka upande mmoja. Profesa Henry Ayot aliandika historia yao katika kitabu kilichotoka mwaka 1979, akianzia mwaka 1760. Walipofika walikuwa na lugha yao ya Kibantu, Olusuba. Kisha wakaoa binti za Wajaluo, wakafanya biashara na Wajaluo, watoto wakalelewa na mama wenye Dholuo. Shule na makanisa ya misheni yakatumia Dholuo pia, na utawala wa kikoloni ukawaweka chini ya mpangilio ule ule. Ndani ya vizazi vichache Abasuba wengi wakawa wanasema Dholuo nyumbani, na Olusuba ikabaki hasa Mfangano.

Makumbusho yaliingia hapo. Yamekusanya vyombo vya uvuvi, vya nyumbani na vya sherehe, na yamekuwa mahali ambapo Olusuba inasemwa mbele ya wageni bila haya. Kazi yake nyingine ni kulinda michoro ya mapangoni. Katika pango la Mawanga na kwenye mwamba wa Kwitone kuna miduara na mistari ya rangi nyekundu na nyeupe ambayo haikuchorwa na Abasuba wala Wajaluo. Inasemekana ni kazi ya wawindaji wa jamii ya Watwa, walioishi visiwani kabla ya wote hao. Abasuba walioikuta hawakuifuta. Waliipa heshima, wakayafanya mapango hayo kuwa mahali pa kuombea mvua. Shirika la TARA la Nairobi, lililoanzishwa mwaka 1996 na mpigapicha David Coulson kwa ajili ya michoro ya miamba ya Afrika, lilishirikiana na jamii kuitangaza na kuwafunza wenyeji kuongoza wageni.

Hapo Mfangano inasema kile kile kinachosemwa na Thimlich. Mwenyeji wa leo ni mgeni wa jana, na kabla yake palikuwa na mwingine aliyeacha alama ukutani. Anayeilinda michoro ya Watwa sasa ni mjukuu wa waliokuja kwa mitumbwi kutoka Uganda, na mara nyingi huieleza kwa Dholuo.

Waliosubiri zamu yao

Taasisi hizi mbili zimefanya mengi, lakini hazijamaliza. Historia ya uhamaji ya Migori na Homa Bay haikukoma karne ya 18, na sehemu kubwa yake bado haijawekwa mahali ambapo mwanafunzi anaweza kuiona.

Chukua Gendia, karibu na Kendu Bay. Mwaka 1906 wamisionari wa Kisabato walifika hapo: Arthur Carscallen, Mkanada, na Peter Nyambo, Mwafrika kutoka Nyasaland, nchi ambayo leo ni Malawi. Carscallen hutajwa kila mara. Nyambo husahaulika, ingawa alikuwa mhamiaji kama mwenzake. Mtambo wa uchapaji uliowekwa Gendia mwaka 1913 ulisaidia kuiweka Dholuo katika maandishi, na shirika la uchapaji lililotokana nao lipo hadi leo. Palepale Kendu Bay kuna Masjid Tawakal, msikiti unaokumbusha siku ambazo meli za ziwa zilitia nanga na wafanyabiashara Wahindi na Waislamu wakafungua maduka.

Chukua pia Suna, kitovu cha mji wa Migori. Humo mna koo za Wasweta na Wiga zenye asili ya Kisuba, mna Wajaluo, Wakuria, Wakisii, Wasomali, na Wamaragoli waliohama kutoka kaskazini mwa Nyanza kutafuta ardhi. Sokoni utasikia lugha nne kabla hujamaliza kununua omena. Machimbo ya dhahabu ya Macalder yalivuta vibarua kutoka mbali wakati wa ukoloni na yangali yanavuta. Ziwani, samaki aina ya mbuta, ambaye naye aliletwa katika miaka ya 1950, aliwavuta wavuvi hadi kwenye kisiwa cha Migingo, jabali lisilofika hata ekari moja lililofunikwa na mabati, ambalo Kenya na Uganda zimeligombania kwa miaka mingi. Mgogoro huo una historia ndefu kuliko inavyodhaniwa. Hadi mwaka 1902 Nyanza yote ilihesabiwa kuwa sehemu ya Uganda. Waingereza waliihamishia upande wa Kenya kwa kalamu, na watu wakabadilishiwa nchi wakiwa wamelala nyumbani kwao.

Na wapo waliotoka. Tom Mboya alizaliwa mwaka 1930 kwenye shamba la mkonge karibu na Thika, kwa sababu baba yake alikuwa ameacha kisiwa cha Rusinga kwenda kutafuta kazi. Mwaka 1959 Mboya aliongoza mpango wa kuwapeleka vijana kusoma Marekani, na ndege ya kwanza ilibeba wanafunzi 81. Baada ya kuuawa Nairobi tarehe 5 Julai 1969 alirudishwa kuzikwa Rusinga, ambako kaburi lake limejengewa jumba linalozuriwa na wageni. Jumba hilo huelezwa kama kumbukumbu ya mwanasiasa. Lingefaa kuelezwa pia kama ukurasa wa historia ya watu wa ziwa waliokwenda mbali, maana leo kila kijiji cha Homa Bay kina mtoto wake Nairobi, Doha au Texas.

Kazi iliyobaki

Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, katika Jedwali la Nne, inazitaja turathi zenye umuhimu wa kitaifa kuwa jukumu la serikali kuu, na makumbusho kuwa jukumu la kaunti. Mgawanyo huo uko wazi. Thimlich Ohinga itaendelea kuwa chini ya Makumbusho ya Kitaifa, lakini barabara ya kufika pale, mafunzo ya waongozaji, usafiri wa wanafunzi na nyumba ya kuhifadhi kumbukumbu za watu wa Suna, Kendu Bay na Macalder ni mambo ambayo mabunge ya kaunti ya Migori na Homa Bay yanaweza kuyapangia fedha bila kusubiri Nairobi.

Makumbusho ya Mfangano nayo hayawezi kuendelea kubebwa na watu wa kujitolea pekee. Yamethibitisha kwa zaidi ya miongo miwili kwamba jamii ndogo inaweza kulinda michoro ya kale na kuipigania lugha inayokufa. Kaunti ya Homa Bay inayadai shukrani? La, yenyewe ndiyo yanayoidai kaunti.

Na kuna kazi isiyohitaji bajeti. Mafundi wanaojua kupanga ukuta wa mawe bila saruji wanazeeka. Vijana wa Nyatike wajifunze kwao sasa. Wazee wanaokumbuka ukoo wao ulitoka wapi na ulipokewa na nani wanapungua kila mwaka. Msomaji mwenye simu na bibi aliye hai ana vifaa vyote vya mwanahistoria: aketi naye, amwulize, arekodi, kisha nakala moja aipeleke kwenye shule au makumbusho iliyo karibu. Thimlich Ohinga imesimama zaidi ya karne nne kwa sababu kila kizazi kilifanya sehemu yake. Zamu hii ni yetu.